Simu ya Watu wa Pensheni

Vita vilipoingia mwaka wa saba, simu ya duka la baba mdogo ndiyo ilikuwa simu ya mtaa mzima. Ilikaa juu ya kaunta, kati ya kopo la boliti na picha ya Makka, na waya wake ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tairi pale ulipokatika. Baba mdogo aliuza vipuri vya magari hapo Buyenzi, lakini tangu nchi jirani zitufungie mipaka rafu zake hazikuwahi kujaa tena. Zilibaki fenibelti za magari ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Simu ikawa ndiyo biashara yenyewe.

Kupokea ilikuwa kazi yangu. Utaratibu ulijulikana: mtu akipiga, anamtaja anayemtaka, anakata, halafu anapiga tena baada ya dakika kumi. Katika dakika hizo nilitoka mlangoni nikapaza sauti, na mtaa ukapokezana jina mpaka mhusika akasikia. Nilikuwa na daftari lenye mistari niliyoichora kwa rula: siku, saa, aliyepiga, anayetakiwa, amepatikana au hakupatikana. Kurasa za nyuma niliandika namba za watu wetu waliohama, maana miaka ile hapakupita wiki bila mtu kuhama, na waliobaki walikuja kuniuliza alikokwenda. Nilijivunia lile daftari.

Ile simu ya pensheni iliingia Jumanne asubuhi. Mwanamume, sauti ya taratibu, Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, na ndani yake maneno ya maofisini: dosiye kwa faili, sevisi kwa idara, direkta kwa mkurugenzi. Alisema anatoka upande wa pensheni. Vita vimetawanya mafaili, alisema, na wazee wengi waliotumikia serikali wako katika hatari ya kupoteza haki yao bila kujua. Alikuwa anapita mtaa kwa mtaa, kwa simu, kwa sababu ya usalama.

"Dada, hapo kwenu wazee kama hao wapo?"

Nilimtajia sita. Nilipofika kwa baba nikasema, "Na huyu ni baba yangu. Alikuwa makanika karakana ya serikali, miaka ishirini na nane."

"Yuko hai?"

Dukani walikuwamo mafundi watatu wamekaa tu, kama ilivyokuwa kawaida. Fundi wa breki alinyoosha shingo ili simu imsikie. "Mwambie alikufaka, akarudi!"

Wakacheka wote, nami nikacheka. Yule mtu naye akacheka, akauliza imekuwaje. Nikamsimulia.

Nilimsimulia kisa ambacho mtaa wote ulikijua. Miaka miwili nyuma baba alikwenda Rumonge kutafuta mafuta ya mawese. Lori alilotakiwa kurudi nalo lilishambuliwa njiani na kuchomwa moto. Waliofika huko walirudi wakisema hakuna aliyepona na hakuna anayetambulika. Tulikaa tanga. Tukamswalia bila maiti. Rafiki yake wa kazini, fundi wa kuchomea vyuma, alimwambia baba mdogo wasikawie kuandikisha kifo chake zoni, ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu alishawaona wajane walionyimwa pensheni za waume zao kwa kuchelewesha karatasi ya kifo. Wakaenda wawili, wakaweka sahihi zao. Siku ya saba tukasoma hitima. Wali ukiwa jikoni, baba akaingia uani na dumu la mawese kichwani. Lori lile lilikuwa limemwacha. Alikaa Rumonge mpaka njia ilipofunguliwa, akaja na magari yaliyosindikizwa na askari. Aliwaona watu wamejaa, akauliza nani amekufa. Wanawake wakakimbia. Shehe alisimama na msahafu mkononi, hakujua aendelee au aufunge.

Kuanzia siku ile aliitwa Marehemu. "Marehemu, unaenda wapi?" watu walimuuliza asubuhi akipita. "Naenda kuwashikia nafasi," aliwajibu, bila kusimama.

Yule mtu wa simu alicheka sana. Kisha akauliza, kama mtu anayeongeza jambo dogo, huyo rafiki mchomeaji naye ni mstaafu? Nikasema ndiyo, lakini sasa anaishi Kibenga kwa mwanawe. Ana simu? Nikafungua kurasa za nyuma, nikamsomea namba tarakimu moja moja, na yeye akairudia ili tuhakikishe. Nikaandika daftarini: Jumanne, saa tatu na nusu, sevisi ya pensheni, wazee. Sikuandika jina lake. Sikuwa nimemuuliza.

Jambo ambalo halikumchekesha mtu, kwa sababu hakuna aliyelifikiria, ni kwamba baba aliporudi hakuna aliyekwenda zoni kumfuta kwenye kitabu cha vifo. Tulichinja mbuzi, tukatoa sadaka, shehe akaomba dua. Karatasi tuliiacha kule kule. Kila mstaafu alipaswa kupeleka, mara kwa mara, cheti chenye muhuri wa zoni kinachosema bado yu hai, na baba alikipata bila taabu, maana mkuu wa zoni alikuwa mtu wa msikiti wetu. Alimwona baba kwa macho, akacheka, akagonga muhuri. Kitabu cha vifo hakukifungua.

Wiki moja baadaye ile sauti ilipiga tena, ikamtaka baba. Nilimwita. Alikuja na kanzu ya nyumbani, akaketi juu ya kreti. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo dukani tulisikia pande zote mbili.

"Mushingantahe," sauti ilisema, kwa lile jina la heshima tunalompa mtu mzima mwenye kauli, "samahani kwa kukusumbua. Hapa mezani kwangu kuna karatasi ya zoni yenu. Inasema umefariki Rumonge."

Nilimwona baba mdogo akiacha kufuta kaunta.

"Mi niko hai," baba alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimepiga mwenyewe, kabla dosiye haijapanda kwa direkta. Ikishapanda, pensheni inafungwa, na pesa ulizopokea tangu siku hiyo utadaiwa zote."

"Basi mi nakuja huko leo hii."

"Apana, mushingantahe, usije dirishani! Yule wa dirisha ataona jina la marehemu, ataita askari. Na siku hizi wakishamchukua mtu, unajua mwenyewe nchi ilivyo."

Baba alijua. Sote tulijua. Mwezi uliotangulia jirani yetu mmoja alichukuliwa akiwa na karatasi zake zote mfukoni, na mkewe alikuwa bado anazunguka vituo vya polisi na sahani ya chakula.

Maagizo yalikuwa machache, na baba aliyarudia kwa sauti ili niyaandike. Kijitabu cha pensheni. Karte ya kitambulisho. Picha mbili. Barua ya kumruhusu mtumishi wa sevisi ashughulikie mambo yake. Pesa kidogo za stempu. Jumatatu saa nne, ukumbi wa chini wa jengo fulani la serikali mjini, mtu atashuka kuvipokea.

Nyumbani mama alikuwa na swali moja. "Mbona hawakuandika barua?"

"Barua gani ya serikali imefika Buyenzi mwaka huu?" baba alisema.

"Na karte yako unampa mtu usiyemjua?"

"Nampa mtu wa serikali. We unataka waniweke ndani?"

Mama alikwenda kuitoa karte sandukuni. Alikuwa na presha, na vidonge vyake vilinunuliwa kwa pensheni hiyo. Kila baada ya miezi mitatu baba alitoka dirishani akapitia duka la dawa kabla ya kufika nyumbani. Hakuna fedha nyingine iliyokuwa na kazi hiyo, na mama alikuwa mtu wa mwisho wa kutaka ipotee kwa ubishi wake. Baba mdogo ndiye aliyetoa pesa za stempu. "Mi ndiye nilikuandika," alimwambia baba, bila kumtazama usoni.

Jumatatu nilikwenda naye. Tulifika mapema, tukasimama karibu na nguzo. Ukumbi ulijaa watu wenye bahasha, na wafanyakazi walipita wakipeana mikono, kwa sababu mjini kwetu mtu hawezi kukatiza ofisini kwake bila kumpa kila mtu mkono, hata akiwa amechelewa. Saa nne kamili mwanamume aliyevaa shati jeupe alishuka ngazi na faili chini ya kwapa. Alikuja moja kwa moja kwetu. "Mushingantahe, karibu." Alivipokea vitu kimoja kimoja, akavipanga ndani ya faili, akamwonyesha baba mahali pa kuweka sahihi kwenye barua iliyokwisha kupigwa taipu. Alitoa risiti yenye muhuri wa duara. Akasema wiki tatu, akaandika namba ya simu nyuma ya risiti, akapanda ngazi tena.

Nilitazama mgongo wake akipanda. Watu kama kumi walipishana naye kwenye zile ngazi. Hakuna hata mmoja aliyempa mkono, hakuna aliyemtikisia hata kichwa. Niliona. Nikajiambia labda ni mgeni ofisini. Jambo nililoliona kwa macho yangu nililitafutia sababu, nikaliacha likapita.

Siku ya malipo ilifika kabla ya wiki tatu kwisha. Baba hakwenda, kama alivyoagizwa. Wiki tatu zikapita. Nikapiga ile namba. Ilipokewa na mwanamke, na nyuma yake palikuwa na kelele za soko. Ilikuwa kabini ya simu za kulipia. "Hapa banakuja watu mingi, dada," aliniambia. "Mi siwezi kujua."

Nilimweleza baba mlangoni. Alichukua kofia yake akaondoka, nikamfuata. Hakuogopa tena askari, au alikuwa ameacha kuwafikiria. Kwenye dirisha la malipo ya pensheni alikaa kijana mwenye miwani, ambaye baba alikuwa akimwona miaka yote na hakuwahi kumwita askari. Alisikiliza, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili la baba.

"Muzee, ulishalipwa. Alikuja mutoto wako, na kijitabu, na karte, na barua ya ruhusa. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

"Na ile karatasi ya kifo?"

"Kifo gani?"

"Kwamba nimekufa."

Yule kijana alipekua faili mpaka ukurasa wa mwisho, kwa uangalifu. "Muzee, hapa kwetu haujakufa hata siku moja."

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walicheka, si kwa ubaya. Baba alishika ukingo wa dirisha. Kijana aliteremsha sauti, akasema hatukuwa wa kwanza. Angeweza kuzuia malipo mara moja ili wale watu wasichukue tena. Lakini kumlipa baba bila kijitabu ni mpaka apewe kijitabu kipya, na kijitabu kipya hakitolewi bila karte. "Tafuta kwanza karte, muzee. Hiyo ndiyo mlango."

Polisi walimpa kikaratasi cha kuonyesha kwamba karte imepotea, cha siku kumi na tano, cha kupitia bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani. Kwa karte yenyewe tulitakiwa kwenda zoni. Mkuu wa zamani, yule wa msikitini, alikuwa ameshahamia Kigoma na familia yake. Aliyekuwapo alikuwa mgeni, na karani wake alikuwa mtu mwenye bidii. Alimuuliza baba jina, jina la baba yake na mwaka wa kuzaliwa. Alifungua kitabu cha wakazi, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye bidii, akafungua na kitabu cha vifo. Kidole chake kilishuka ukurasa wa kwanza, wa pili, kikasimama.

"Huyu amekufa."

"Ni mimi huyo," baba alisema.

"Amekufa njia ya Rumonge. Kuna mashahidi wawili."

Uongo tulioambiwa kwa simu ulikuwa kweli, ila si kwenye pensheni tulikoambiwa, bali hapa zoni. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja nasi, alianza kueleza mambo ya lori na hitima. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali. Alisema kabla ya vita angeweza kufuta mstari ule kwa kalamu. Sasa watu walikuwa wanachukua majina ya waliokufa wapate karte za kupitia bariyeri, na aliyekuwa karani kabla yake alifungwa kwa jambo la namna hiyo. "Waliosema amekufa waje waseme hakufa. Wote wawili, mbele yangu, na karte zao mkononi."

"Mi wa kwanza niko hapa," baba mdogo alisema.

"Na wa pili?"

Wa pili alikuwa yule mchomeaji wa Kibenga.

Nilirudi dukani, nikafungua kurasa za nyuma za daftari, nikapiga. Alipokea mwenyewe. Nilijitaja, nikaanza kusema kwamba ni habari ya pensheni na zoni, kwamba tunamhitaji aje na karte yake. Sikumaliza. "Mulishanimaliza," alisema. "Munataka nini tena?" Akakata. Nilipiga mara mbili zaidi, nikaandika mara zote mbili: hakupokea. Nadhani hapo nilianza kujua, lakini sikumwambia mtu.

Kikaratasi cha polisi kilibakiza siku sita tulipokwenda Kibenga, mimi na baba. Tulipanda gari la abiria mpaka lilipogeuzwa na askari, tukaendelea kwa miguu. Asubuhi hiyo mizinga ilikuwa imelia upande wa milimani, na watu wa mitaa ya kusini walikuwa wakija mjini wamebeba magodoro, sisi tukienda kinyume nao. Kwenye bariyeri askari alisoma kikaratasi cha baba mbele na nyuma. "Unaenda kufanya nini kule, muzee, wakati watu wanatoka?" Baba akasema anamtembelea rafiki. Askari akatazama kanzu yake, akarudisha karatasi.

Nyumba ya mtoto wa mchomeaji ilikuwa na lango la bati. Tuligonga muda mrefu.

"Nani?"

"Mimi," baba alisema.

"Mimi nani?"

"Marehemu."

Kisha mnyororo ukalia, lango likafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu. Mchomeaji alikuwa amekonda. Alimshika baba mabega yote mawili, akamvuta ndani, akafunga mnyororo kabla ya kutusalimia. Mke wa mwanawe alituletea viti uani. Alituambia hajavuka lango hilo tangu mwanzo wa kiangazi.

Hatukumuuliza kwa nini. Alieleza mwenyewe. Alipigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri. Walijua karakana aliyofanyia kazi. Walijua kwamba alikwenda zoni ya Buyenzi na kuweka sahihi kwa mtu ambaye hakufa. Huo ni ushahidi wa uongo, walimwambia, ni jela, na pensheni yake itakatwa, isipokuwa dosiye isafishwe haraka. Akapeleka kijitabu. Akapeleka karte.

"Basi njoo tu zoni," baba alisema. "Tutasema wote tumeibiwa."

"Nitafikaje? Kikaratasi cha polisi kilishakwisha. Hawanipi kingine bila karatasi ya ofisi ya komini niliyoandikiwa karte, na komini yetu iko kule juu." Aliinua kidevu kuelekea milimani, ambako sauti zilikuwa zimeanza tena. "Hiyo njia nani anaipita? Na hapa wanafanya msako kila wiki. Mutu bila karte wanamweka kwenye lori. Mwanangu akisikia buti ananificha nyuma ya tanki la maji. Umri huu, ndugu yangu. Nyuma ya tanki."

Baba alitazama tanki. Alikuwa ametoka Buyenzi akiwa na jambo moja tu la kuomba, nami niliona jinsi alivyokuwa akilitafutia njia nyingine na kuikosa. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri tangu lango lifunguke.

"Haya mambo ya zoni walijuaje? Na namba ya hapa?"

Mchomeaji alinitazama, akatazama chini. "Walisema wamepewa dukani kwenu."

Baba alinigeukia. "Ni we?"

"Ni mimi, baba."

"Ulimwambia kila kitu?"

"Aliniuliza, nikajibu."

Alisubiri kama mtu anayedhani kuna sehemu iliyobaki. Haikuwapo. Wale mafundi dukani walisikia pia, wangeweza kunishuhudia kwamba sikutoa siri, kwamba kisa chenyewe kilisimuliwa harusini na vilingeni. Sikulisema hilo. Namba haikusimuliwa vilingeni. Namba ilitoka kwenye daftari langu.

Mchomeaji aliandika barua. Aliandika polepole kwamba yeye fulani alisema mwenzake amekufa na sasa anasema yu hai, amemwona kwa macho yake, wamekunywa chai pamoja. Aliweka sahihi na alama ya kidole gumba, kwa wino wa kalamu ya mjukuu wake. Tulirudi na barua hiyo ndani ya kofia ya baba. Njia nzima hakunisemesha. Kwenye bariyeri alitoa kikaratasi mwenyewe, akasimama mbali na mimi kidogo, kana kwamba hatukuja pamoja.

Karani wa zoni aliisoma barua mara mbili. "Ni nzuri," alisema. "Lakini barua hainiambii kama aliyeiandika yuko hai. Nyinyi wenyewe ndio mmenifundisha hivyo."

Alitaja mahakama. Mahakama ilitaka wakili, na wakili alitaka pesa ambazo tungezipata kama pensheni ingekuwapo. Baba mdogo aliwasilisha ombi hata hivyo. Faili lilipokewa, likapewa namba, likakaa.

Ile sauti ilipiga mara moja zaidi, mwezi uliofuata, bila aibu yoyote. Iliwataka wazee wengine niliowataja. Nilikuwa nimeshapita nyumba zao zote, moja moja, na wawili walikuwa wameshatoa vijitabu vyao. Sikumtukana. Dukani hapakuwa na mtu. Nilimwambia pesa azichukue, kijitabu akitupe, arudishe karte tu, ya baba na ya yule wa Kibenga, hata akiziangusha mlangoni mwa msikiti.

"Karte gani, dada?" aliuliza, kwa upole ule ule. Akakata.

Siku kumi na tano za polisi zilikwisha, zikarudiwa mara moja, zikakataliwa mara ya pili. Baada ya hapo baba hakutoka tena Buyenzi. Mtaa aliouzoea ulikuwa na bariyeri kila mwisho wa barabara, na akawa akienda mpaka hapo na kurudi. Mama alianza kumeza vidonge siku moja na kuruka siku moja. Niligundua kwa sababu nilivihesabu. Alinisihi nisimwambie baba, nami, nikiwa nimekwisha kuona kinywa changu kinavyofanya kazi, sikusema. Lakini baba aliona mwenyewe, maana mguu wa kushoto wa mama ulianza kuburuta.

Ndipo alipokwenda karakana ya jirani, ya mtu ambaye yeye baba aliwahi kumfundisha kazi, akaomba kazi. Yule mtu aliona haya. Alimpa kiti, akamwambia akae tu, atampa kitu kila Ijumaa. Baba alisema hakuja kukaa. Akapewa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa: gia, beringi, pistoni, vitu ambavyo kabla ya kustaafu aliwaonyesha wengine kuviosha. Alifanya kazi akiwa amechuchumaa, na ilipofika adhuhuri alihitaji mtu wa kumshika mkono asimame.

Nilipita mbele ya karakana ile kila siku kwenda dukani. Nilimwamkia, na yeye aliitikia salamu kwa sababu ni wajibu wa dini, halafu akarudi kwenye karai lake. Hayo ndiyo maneno yote tuliyokuwa nayo tangu Kibenga, na yalidumu hivyo mpaka mvua zilipoanza.

Jioni moja ya mvua alirudi mapema. Alimpa mama karatasi ya duka la dawa iliyokunjwa, ndani yake vidonge vya wiki moja. Kisha alikaa kizingitini, akanyoosha mikono mbele yake. Ilikuwa myeusi mpaka viwiko, na ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kwa mafuta ya taa.

"Niletee sabuni ya unga," alisema. "Na maji ya moto."

Nilitazama nyuma nione anamwambia nani. Mama alikuwa ameshaingia ndani. Nikaleta sabuni, nikaleta maji, nikamwagia polepole huku yeye akisugua. Maji ya kwanza yalikuwa meusi, ya pili meusi. "Ongeza," alisema. Nikaongeza.